Mashine ya theluji inayopandisha na kushusha mlio, inayoziba, na iliyokata pini: uanzie wapi?

"Fundi, habari za kazi. Msimu huu nilinunua mashine kubwa ya kurusha theluji iliyotumika, ile ya hatua mbili, upana sentimita 71, ya petroli. Njia yetu ya kuingizia gari ni ndefu, nusu lami nusu kokoto. Theluji ya kwanza iliitoa vizuri kabisa, kisha ikakaa wiki kadhaa bila kazi. Sasa inawaka kwa shida, na ikiwaka mlio unapanda na kushuka mfululizo. Nikivuta choki nusu inatulia. Pale mwisho wa njia, kwenye tuta linaloachwa na gari la kusafisha barabara, bomba la kurushia linaziba kila baada ya hatua mbili tatu, inabidi niingize mkono nitoe. Naachia kishikio kwanza, ila injini naiacha ikiwaka maana nikizima haiwaki tena. Juzi skrubu ya mbele upande wa kulia ikaacha kuzunguka, ya kushoto inazunguka. Jirani ameona pini imekatika, akasema niweke bolti ya chuma kigumu isinisumbue tena. Mke wangu anataka tuiuze tununue ya betri. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji,

Umeuliza mambo manne kwa pamoja, na moja kati ya hayo haliwezi kusubiri. Naanza na hilo ingawa wewe ulilitaja kwa kupita tu: mkono wako usiingie tena kwenye bomba lile.

Kuachia kishikio hakutoshi. Ukiachia, mkanda unaoendesha skrubu na feni hulegea, na breki ndogo huibana puli ili feni isimame. Mashine iliyo sawa husimamisha skrubu na feni ndani ya sekunde 5. Lakini mkanda ukiwa umekazwa kupita kiasi, au breki ikiwa imelika, feni hubaki inasukumwa pole pole, na kinachoizuia isizunguke ni hiyo hiyo theluji iliyoganda. Ukiitoa kwa vidole, umeondoa kizuizi cha mwisho kilichobaki. Hata injini ikiwa imezimwa, mara nyingine barafu huwa imeikamata feni huku mkanda ukiwa bado umevutika. Barafu ikiachia, feni huruka sehemu ya mzunguko kwa nguvu ambayo kidole hakiihimili. Majeraha mabaya ya mashine hizi ni ya vidole na mikono, na wanaoumia mara nyingi ni watu waangalifu waliochoka, waliobakiza kipande kidogo wamalize.

Kwa hiyo kila inapoziba: achia vishikio vyote viwili, cha skrubu na cha magurudumu, zima injini, chomoa ufunguo, subiri mpaka usisikie chochote kinachozunguka, kisha toa theluji kwa kijiti. Mashine nyingi huja na kijikoleo cha plastiki kilichobanwa juu ya sanduku la mbele. Kama chako kilipotea kwa mmiliki wa kwanza, mpini wa ufagio unatosha. Glavu nene si kinga hapa. Na hilo la kwamba ukizima haiwaki tena linakulazimu utengeneze injini kwanza, kabla hujaitoa mashine tena kwenda kwenye tuta.

Tukitoka hapo, habari zilizobaki ni njema. Kwa dalili ulizoandika, sioni mashine iliyokufa. Naona petroli iliyolala, pini iliyofanya kazi yake, na theluji nzito kuliko unavyodhani. Tena mambo haya yanalishana: injini ikikosa petroli ya kutosha, feni hupungua kasi, feni ikipungua kasi, theluji haifiki nje, inabaki bombani, bomba likiziba, unasukuma mashine kwa nguvu zaidi ndani ya barafu, na pini inakatika. Ukitengeneza mwisho wa mnyororo ukaacha mwanzo, utarudi hapo hapo.

Ni vizuri uijue njia ambayo nguvu inapita, kwa sababu ukiijua utaweza kutafuta kosa mwenyewe kwa kutazama tu. Kuitwa ya hatua mbili maana yake theluji inashughulikiwa mara mbili. Skrubu kubwa ya mbele huzunguka taratibu kwa nguvu nyingi; kazi yake ni kumega theluji na kuileta katikati. Nyuma yake kuna feni yenye mapanga machache mapana, inayozunguka kwa kasi kubwa zaidi, na hiyo ndiyo inayorusha theluji kupitia bomba. Injini huendesha ekseli ya feni kwa mkanda. Ekseli hiyo hiyo inaendelea mbele hadi kwenye giaboksi ndogo iliyo katikati ya skrubu, ambayo inapunguza mwendo na kuugeuza uende kulia na kushoto. Magurudumu yana mkanda wao wa pili, na kwenye mashine nyingi mkanda huo huzungusha sahani ya chuma inayogusana na gurudumu dogo lenye ukingo wa mpira. Kasi ya mbele na nyuma inatokana na mahali gurudumu hilo linapogusa sahani.

Sasa itazame yako. Skrubu ya kushoto inazunguka, kwa hiyo mkanda unavuta na giaboksi inafanya kazi. Ya kulia haizunguki, na jirani ameiona pini imekatika. Hakuna fumbo hapo. Ingekuwa zote mbili zimesimama huku feni inazunguka na pini zote ni nzima, ningekuambia giaboksi imekwisha. Ingekuwa hakuna kinachozunguka, ningekuelekeza kwenye mkanda.

Naenda kwenye injini, maana ndiyo chanzo.

Injini inayopandisha na kushusha mlio bila wewe kugusa kitu ni injini inayopata hewa nyingi na petroli kidogo. Ina kidhibiti mwendo ambacho kazi yake ni kuishikilia kwenye mizunguko iliyopangiwa, kwa kawaida karibu 3,600 kwa dakika ikiwa kwenye mwendo wa juu. Petroli ikipungua, mwendo unashuka. Kidhibiti kinaona, kinafungua mlango wa hewa. Mvuto unaongezeka, petroli kidogo inaingia, injini inashtuka inapanda kupita kiwango. Kidhibiti kinafunga, petroli inakosekana tena, inashuka. Ndiyo mzunguko unaousikia. Ukivuta choki nusu unaipunguzia injini hewa, mvuto ndani ya kabureta, pale hewa na petroli zinapochanganyika, unakuwa mkubwa, na petroli inanyonywa kwa nguvu kupitia tundu lililobanwa. Ndiyo maana inatulia. Kwa hiyo wewe mwenyewe umeshapata jibu bila kujua: kuna tundu limeziba nusu.

Kuhitaji choki dakika moja au mbili za mwanzo kwenye baridi kali ni kawaida kabisa. Kuihitaji baada ya injini kupata moto ndiyo kosa. Na usizoee kuifanyisha kazi msimu mzima tundu likiwa limeziba, kwa sababu mchanganyiko wenye hewa nyingi huchoma moto zaidi, na joto hilo linaishia kwenye vali.

Petroli huanza kuharibika ndani ya siku 30 hivi ikikaa bila dawa ya kuihifadhi. Sehemu nyepesi, zile zinazowaka kirahisi kwenye baridi, huvukiza kwanza. Zinazobaki huacha utando wa kunata kama varnishi. Petroli nyingi siku hizi ina ethanoli, na ethanoli huvuta unyevu. Maji hayo hukaa chini ya bakuli la kabureta na kwenye baridi yanaganda. Mahali pa kwanza kuathirika ni tundu la jeti, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, lenye upana wa milimita moja au pungufu. Huhitaji uchafu mwingi kuziba tundu kama hilo. Mashine yako ilifanya kazi siku moja ikakaa wiki kadhaa, na petroli iliyokuwamo huenda ilikuwa ya mmiliki wa kwanza tangu msimu uliopita.

Fanya hivi, injini ikiwa baridi kabisa, mashine ikiwa nje au penye hewa, pasiwe na moto wala sigara karibu. Toa petroli yote ya zamani, uweke mpya. Kabla hujafungua chochote kingine, legeza mfuniko wa tangi na uwashe. Mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, tangi linanyonya utupu na injini inazima baada ya dakika chache. Ni jaribio la bure. Kama halikubadili kitu, zima injini, iache ipoe tena, funga koki ya petroli, weka chombo chini ya kabureta, ulegeze bolti iliyo chini ya bakuli. Tazama kinachotoka: matone ya maji yatajikusanya chini, mbali na petroli, na uchafu utauona kama mchanga wa kahawia. Kwenye injini nyingi jeti iko kwenye bolti hiyo hiyo au kwenye nguzo iliyo juu yake. Puliza dawa ya kusafishia kabureta ukivaa miwani, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Nasisitiza shaba, tena uzi mmoja. Sindano ya chuma inapanua tundu, na tundu likishapanuka injini itakula petroli kupita kiasi na plagi itakuwa nyeusi kila wiki. Mwangaza ukipita vizuri kwenye tundu, rudisha bakuli, hakikisha raba yake ya mviringo imekaa sawa, fungua koki, utazame kama kuna uvujaji kabla ya kuwasha.

Kazi hii inaweza isifaulu mara ya kwanza, kwa sababu kuna njia nyingine ndogo za mwendo wa chini ambazo dawa ya kupuliza haizifikii. Hapo una njia mbili: kabureta ishushwe yote isafishwe na fundi, au ibadilishwe. Kwa injini nyingi za aina hii kabureta mpya si kitu ghali, na wakati mwingine ni nafuu kuliko saa za fundi. Hakikisha tu ni ya namba ya injini yako, si ile inayofanana nayo.

Nikiwa hapo hapo, watu wengi hupoteza muda wakitafuta kichujio cha hewa kwenye injini hizi. Nyingi hazina, na hilo si kosa: hewa ya majira ya theluji haina vumbi, na kichujio kingeloa na kuganda. Badala yake kuna kifuniko cha bati au plastiki juu ya kabureta kinachohifadhi joto la ekzosi. Kama mmiliki wa kwanza alikitoa asikirudishe, kabureta inaweza kuganda barafu wakati wa kazi na kukupa dalili zinazofanana na hizi. Kitafute.

Sasa pini. Hapa nakuomba unisikilize mimi, usimsikilize jirani, ingawa najua ana nia njema.

Pini ile imetengenezwa laini kwa makusudi. Inaunganisha skrubu na ekseli yake kama fyuzi inavyounganisha umeme wa nyumba: ikipita nguvu isiyostahili, ife yenyewe kabla kitu cha thamani hakijafa. Skrubu ikikamata jiwe, kipande cha barafu, gazeti lililoganda au kamba, mzigo wote unarudi kwenye giaboksi. Ndani ya giaboksi kuna giya mbili: moja ya chuma yenye umbo la msumari wa skrubu, na nyingine kubwa ambayo mara nyingi ni ya shaba nyeusi, yaani laini zaidi. Ukiweka bolti ngumu, jiwe litakapokuja bolti haitakatika. Yatakatika meno ya ile giya, au ganda la giaboksi litapasuka. Nimefungua giaboksi za namna hiyo, na mara nyingi bolti ngumu hukutwa imekaa nzima, inang'aa, katikati ya vyuma vilivyosagika. Giaboksi mpya pamoja na kazi yake inaweza kukaribia thamani ya mashine yote iliyotumika. Pini ni kitu cha kununua kadhaa na kuweka mfukoni.

Kwa hiyo nunua pini za mashine yako hasa, kwa namba ya modeli, kwa sababu urefu, unene na mfereji uliochongwa hutofautiana. Usitumie msumari, wala bolti yoyote ya dukani inayoingia tundu. Msumari unaweza kukatika vibaya ukaacha kipande ndani. Bolti ya dukani hujui ugumu wake. Ukibadilisha, zima injini, chomoa ufunguo, toa na waya wa plagi, kisha zungusha skrubu kwa mkono taratibu mpaka matundu mawili yalingane.

Lakini kabla hujaweka pini mpya, kuna jambo watu hulipita na kwangu ndilo kubwa kuliko yote kwenye mashine iliyotumika. Pini ikiwa haipo, shika ile skrubu ya kulia uizungushe. Inatakiwa izunguke yenyewe juu ya ekseli bila shida. Yako imeshajithibitisha, kwa sababu pini ilipokatika skrubu ilisimama na ekseli ikaendelea. Ile ya kushoto je? Toa pini yake, jaribu. Kama haizunguki, maana yake imeshikana na ekseli kwa kutu, na pini iliyoko pale ni pambo. Upande huo hauna ulinzi wowote. Siku barafu itakapouingia, itakayolipa ni giaboksi. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu mwisho wote wa skrubu na kwenye tundu la pini, acha usiku kucha, gonga kwa nyundo ya mpira, jaribu kuzungusha, rudia siku kadhaa. Ikilegea, tia grisi kupitia vile vichuchu vya grisi vilivyo kwenye mirija ya skrubu huku ukiizungusha, ndipo uweke pini. Kazi hii ifanywe kila mwisho wa msimu. Ni kazi ya jioni moja, na ndiyo inayotenganisha mashine zinazodumu miongo na zile zinazouzwa kama chuma chakavu.

Ukikata pini upande ule ule tena na tena bila kugonga kitu, usizidi kununua pini. Tazama kama skrubu imepinda inakwaruza sanduku, au kama bushi za mwisho wa ekseli zimelika.

Nakuja kwenye lile tuta la mwisho wa njia, ambalo linawatesa wengi na kuwafanya walaumu mashine bure. Theluji mbichi kavu ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Iliyosukumwa na gari la barabara, ikashindiliwa, ikachanganyika na maji ya chumvi, hufika kilo 350 hadi 400 au zaidi. Chukua upana wa mashine yako, sentimita 71, na kina cha sentimita 30. Kila mita moja unayosogea mbele kwenye theluji kavu ya kilo 80, mashine inarusha kilo 17 hivi. Mita hiyo hiyo kwenye tuta ni kilo 75. Ulikuwa unatembea mwendo ule ule, na injini yenye njaa. Hakuna mashine ya nyumbani ingekuridhisha hapo.

Dawa yake ya kwanza ni mwendo, na watu wengi wanaichukua kinyume. Injini iwe kwenye mwendo wa juu kabisa wakati wote wa kurusha, kwa sababu theluji inatoka bombani kwa kasi ya feni tu, na kasi ya feni inafuata kasi ya injini. Unachopunguza ni giya ya magurudumu. Tumia ya kwanza, na kama bado injini inalemewa, usiingie kwa upana wote: kata nusu ya upana au hata theluthi, urudi kuchukua kilichobaki. Tuta likiwa refu kuliko sanduku la mbele, libomoe kwa koleo kutoka juu kwanza. Usigongeshe mashine kama tingatinga. Hapo ndipo pini zinapokufa. Ukiweza, liwahi tuta siku hiyo hiyo likiwa bado laini, maana likilala usiku mmoja wa baridi linakuwa barafu, na mashine hii haikuundwa kwa barafu.

Theluji ya majimaji ina tatizo lake la pili: inanata. Ikikutana na chuma chenye joto inayeyuka, kisha inaganda pale pale. Kama mashine inalala kwenye gereji lenye joto, itoe nje uiache ipoe dakika kumi hivi bila kuwasha, kisha puliza silikoni au dawa ya kuzuia kunata ndani ya bomba, kwenye feni na skrubu. Itabidi urudie katikati ya kazi kubwa. Kuna pia kifaa ambacho mimi nakipenda kwa maeneo yenye theluji ya maji: vipande vya mpira mgumu vinavyofungwa kwenye mapanga ya feni ili viguse ukuta wa nyumba ya feni. Kwa kawaida kuna nafasi ya milimita kadhaa kati ya panga na ukuta, na theluji ya majimaji hupita hapo ikazunguka badala ya kurushwa. Vipande vile vinaziba nafasi hiyo. Kuvifunga kunahitaji kutoboa chuma cha feni na kuhakikisha uzito unalingana pande zote, kwa hiyo kama hujazoea kutoboa, mpe fundi.

Na ukimaliza kazi, kabla ya kuzima, iache skrubu na feni zizunguke dakika moja au mbili bila kitu, zijitupie mabaki. Theluji iliyobaki ndani ndiyo utakayoikuta asubuhi imekamata feni.

Kwa kuwa nusu ya njia yako ni kokoto, tazama vile vyuma viwili vya kutelezea pembeni mwa sanduku la mbele. Kwenye lami unaweza kuvishusha mpaka ubapa wa kukwangua ukaribie ardhi kwa milimita chache. Kwenye kokoto, inua sanduku sentimita 3 hivi, ukubali kubaki na tabaka la theluji; likishindiliwa linakuwa zulia zuri la kupitia gari. Kwa njia iliyochanganyika kama yako, panga kimo cha sanduku kinachofaa kokoto, kwa sababu kokoto ikiingia feni inatoka kama risasi na haichagui dirisha, gari wala mtoto. Watu na wanyama wasiwepo upande bomba linakoelekea, wala wasisimame mbele.

Mengine ni mafupi. Oili iwe ya majira ya baridi. 5W-30 ndiyo iliyozoeleka kwenye injini hizi, na ya sintetiki inarahisisha kuvuta kamba siku za baridi kali, ila thibitisha kwenye kitabu cha mashine. Kwa kuwa hujui historia yake, badilisha oili sasa hivi, na plagi pia. Pima upepo wa matairi: ukitofautiana, mashine inavutia upande mmoja na sanduku linakaa mshazari. Siku skrubu itakapozunguka vizuri hewani lakini ikasimama ikigusa theluji, mkanda umelegea au umelika. Ufungue kifuniko uutazame. Ukikaza waya wa kishikio, acha ulegevu kidogo kishikio kikiwa kimeachiwa, vinginevyo feni haitasimama. Na usiiwashe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na mlango wazi hautoshi kuiondoa.

Kuhusu hoja ya mkeo, ina uzito na naipima kwa haki. Mashine ya betri haina kabureta, haina petroli ya kulala, inawaka kwa kitufe, na kelele yake ni ndogo. Kwa njia fupi ya lami na theluji ya wastani ningekuambia nunua. Lakini njia yenu ni ndefu, na mzigo wenu mkubwa ni tuta la kilo 75 kwa mita. Hapo ndipo betri huisha haraka, na baridi inapunguza zaidi kile inachoweza kutoa. Zenye nguvu za kulinganishwa na yenu zipo, ila bei yake ni kubwa, na itabidi mfikirie betri za akiba. Pia bado ina skrubu na bado itaziba kwenye majimaji. Kanuni ya kijiti haibadiliki. Ushauri wangu ni kwamba msiamue mkiwa na hasira. Tengenezeni petroli, pini na grisi kwanza. Gharama yake ni ndogo hata kama mtaiuza, na mashine inayowaka kwa mvuto mmoja inauzwa vizuri kuliko inayopandisha na kushusha mlio. Ikifanya kazi, mtakuwa na msimu mzima wa kupima kama kelele na petroli vinawakera kiasi cha kubadilisha.

Msiitilie fedha zaidi kama giaboksi inasaga na kutoa oili yenye chembe za chuma, na wakati huo huo fundi amepima mgandamizo wa injini akakuta umekwisha. Moja kati ya hayo kwenye mashine nzuri linaweza kuvumilika. Yote mawili pamoja, iuzeni kwa vipuri.

Nenda kwa fundi ana kwa ana, bila kujaribu zaidi nyumbani, ukiona lolote katika haya: feni haisimami ndani ya sekunde 5 baada ya kuachia kishikio, petroli inavuja hata baada ya kukaza, ekseli ya feni inacheza ukiitikisa, kuna mlio wa chuma kusagika katikati ya skrubu, au umesafisha kabureta, umeweka petroli mpya, na bado injini haitulii bila choki. Hilo la sekunde 5 lipime leo: kaa nyuma ya mashine kwenye nafasi yako, achia kishikio, uhesabu huku ukitazama skrubu. Ukienda, mpelekee namba ya modeli ya mashine na namba ya injini, maana ni vitu viwili tofauti na vipuri vyake hutafutwa tofauti. Mwambie petroli ilikaa muda gani, na kwamba choki nusu inaituliza. Kama una ile pini iliyokatika, nenda nayo pia.